Upanga wa taichi kwa anayeanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo hayaishi, mtu akishaona watu wanafanya mazoezi uwanjani na panga mkononi basi ataangalia, atacheka kidogo, halafu atasogea aulize. Majibu mengi hapa yanahusu fomu (yaani mfululizo wa mikao inayofuatana) ya mikao 32 ya staili ya Yang kwa sababu ndiyo anayoanza nayo karibu kila mtu. Kama mwalimu wako anafundisha staili nyingine mfuate yeye, ila mambo ya msingi kama kushika na kutembea hayatofautiani sana.

## Mambo ya mwanzo kabisa

1. Upanga wa taichi ni nini? Si taichi ni ile ya wazee wa Kichina kupunga mikono polepole?

Ni hiyohiyo, ila sasa mkononi kuna upanga. Kichina inaitwa taijijian. Mwendo ni uleule wa taratibu, magoti yamelegea, uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kuruka hatua, kiuno ndicho kinachoongoza. Staili kubwa zote, Chen, Yang, Wu na nyingine, zina fomu zake za upanga.

Kwa ufupi wa historia: inayojulikana zaidi ni habari ya kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, karne ya 17, ukoo wa Chen. Yang Luchan (1799–1872) akajifunza pale, akaenda kufundisha Beijing, na huko ndiko staili ya Yang ilikopatia jina. Mwaka 2020 UNESCO wakaiingiza taichi kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni. Na kama ulidhani upanga ni kitu kilichobandikwa juu juzijuzi ili video zipendeze, hapana, silaha zimekuwa sehemu ya mafunzo haya kwa muda mrefu tu.

2. Jian na dao zina tofauti gani?

Jian umenyooka, una makali pande zote mbili, mwembamba, na kazi yake kubwa inafanywa na ncha pamoja na ile sehemu ya mbele. Dao una makali upande mmoja, umepinda kidogo, ni wa kukata kwa nguvu. Wachina wana msemo kwamba dao ni kama chui milia mkali na jian ni kama ndege wa finiksi anayeruka. Wana mwingine pia unaosema dao siku mia, mkuki siku elfu, jian siku elfu kumi, kwa hiyo ukiona unachelewa kuelewa ujue hata wenyewe walishakubali kwamba huu ni mgumu. Ukurasa huu unahusu jian tu.

3. Hiyo fomu ya 32 imetoka wapi na ni ndefu kiasi gani?

Ilitungwa mwaka 1957 na watu wa kamisheni ya michezo ya China, wakachukua upanga wa zamani wa staili ya Yang wakaupunguza, wakatoa yanayojirudia ili mwananchi wa kawaida aweze kujifunza. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wametoa fomu ya mikono mitupu ya mikao 24, ambayo pengine ndiyo uliyoiona zaidi mtandaoni.

Imegawanywa sehemu nne, kila sehemu mikao minane. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, unamalizia karibu na ulipoanzia. Ukifanya kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika tatu hivi. Zipo ndefu zaidi: ya zamani ya Yang ina mikao zaidi ya 50 (idadi inategemea nani anahesabu), Chen wana ya 49, na ipo ya 42 ya mashindano iliyotoka mwaka 1991. Zote hizo ziache kwanza.

4. Lazima nijue taichi ya mikono mitupu kabla ya kushika upanga?

Sio lazima kisheria lakini mimi nitakwambia jifunze kwanza, hata miezi michache tu, hata kama hujamaliza fomu yote ya 24. Sababu ni hii: upanga hauna miguu. Kama bado hujui kuhamisha uzito, kama kila ukipiga hatua mwili unaanguka mbele, basi ukipewa upanga akili yote inaenda kwenye mkono na miguu inaachwa ifanye inavyojua, halafu tabia hiyo ikishakaa kuitoa ni shughuli.

Tena upanga unaanika makosa ambayo mikono mitupu inayaficha. Bega likipanda kidogo kwenye mikono mitupu nani ataona? Likipanda ukiwa na upanga, ncha iliyo kama sentimita 70 mbele ya mkono wako inatetemeka na kila mtu uwanjani ameona. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ila pia ndiyo inayowakatisha tamaa walioanza nao moja kwa moja, maana wanaona ncha inacheza na hawajui inachezeshwa na nini.

Ukiwa umeshafanya karate, kungfu au hata ngoma zenye miguu mingi, unaweza kuanza vyote pamoja. Utapata shida sehemu moja tu, utakuwa na haraka.

5. Hii ni dini? Naweza kufanya kama mimi ni Muislamu au Mkristo?

Swali linaulizwa sana na nadhani ni halali kuuliza. Maneno kama yin na yang yametoka kwenye falsafa ya Kichina, na wapo walimu wanaochanganya na mambo ya Kitao, dini ya jadi ya China. Lakini fomu ya 32 yenyewe ilitengenezwa na serikali kama mazoezi ya wananchi, hakuna sala, hakuna sanamu, hakuna nadhiri. Ile salamu ya kufunga ngumi kwenye kiganja ni salamu tu ya heshima. Ukikuta mwalimu anafanya zaidi ya hapo na hujisikii vizuri, mwambie, au tafuta mwingine. Mengine hayo ni kati yako na imani yako.

6. Itanisaidia kujilinda?

Kwa nani, na utatembea na upanga mtaani? Hapana. Kuna watu wanafanya mapambano ya panga za mbao wawili wawili na ni kitu kizuri, lakini hiyo ni hatua ya mbele sana. Kwa anayeanza chukulia hii kama mazoezi ya mwili, ya balansi na ya kutuliza akili.

## Upanga wenyewe

7. Nianze na wa mbao au wa chuma?

Mbao. Utajigonga sikio, utajigonga goti, utagonga ukuta, kwa hiyo bora ujigonge na mbao. Chuma utahamia ukishamaliza mwendelezo wa fomu bila kusimama kufikiria. Na hata hicho chuma kiwe butu, hakuna sababu yoyote ya mazoezi kufanywa na upanga unaokata.

Tahadhari kubwa ni hizi panga za mapambo za kutundika ukutani. Zinang'aa, zina madragoni, lakini chuma chake ndani ya mpini huwa ni kijiti chembamba tu kilichochomelewa. Ukiupunga kwa nguvu, siku moja mpini unabaki mkononi na kipande kingine kinaruka kwa jirani. Kabla ya kununua utikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ndani uache dukani.

8. Urefu sahihi najuaje?

Simama wima, shika upanga kwa mkono wa kushoto kichwa chini miguu juu, yaani mpini uko chini kwenye kiganja na bapa la upanga limelala nyuma ya mkono likipanda juu. Mkono ukiwa umening'inia, ncha ifike usawa wa sikio au juu kidogo, isipite kichwa. Kwa mtu wa urefu wa kati, kama sentimita 160 hadi 170, bapa huwa linaangukia kwenye sentimita 70 hivi bila kuhesabu mpini. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua fupi.

9. Na uzito?

Za mbao nyingi ni gramu 300 hadi 500, za chuma 500 hadi 800. Kuliko namba, angalia unavyokaa. Uweke juu ya kidole kimoja kama mizani, utafute mahali unaposimama bila kuanguka. Pakiwa sentimita kumi hadi kumi na tano hivi mbele ya kikingio cha mkono (kile kipande kati ya mpini na bapa), huo utakutii. Pakiwa mbali sana kuelekea kwenye ncha, upanga utakuvuta kila ukipunga na kifundo cha mkono kitalipa.

10. Huku kwetu nitaupata wapi?

Maduka ya vifaa vya michezo ya mapigano wakati mwingine wanao, na unaweza kuagiza kutoka China, ambako mji wa Longquan mkoani Zhejiang unajulikana kwa panga tangu zamani. Ila ukiagiza wa chuma uliza kwanza habari za forodha, usije ukaoda kitu kikakwama.

Njia ya haraka ni fundi seremala. Mpelekee picha na vipimo (swali la 8), mwambie mti mmoja usioungwa, mninga unafaa sana, mvule pia, na asisitize msasa kwenye mpini. Mafundi wengi watakutengenezea kitu kinene kama mwiko wa ugali wa harusi, kwa hiyo mwambie bapa liwe jembamba na lipungue kadiri linavyokwenda kwenye ncha, na ncha iwe ya mviringo. Wakati unasubiri, mpini wa fagio uliokatwa unatosha kabisa kuanzia.

11. Ule wa kukunja kama antena je?

Unafaa kwa safari na kwa ofisini. Kwa kujifunzia haufai sana, uzito wake wote uko mkononi na mbele ni mwepesi mno, hutausikia upanga unavyokwenda.

12. Kile kishada chenye nyuzi ni cha nini?

Kwa anayeanza ni cha kukusumbua. Kinajizungusha kwenye kifundo cha mkono, kinaingia katikati ya vidole, kinakuchapa usoni. Kifungue ukiweke kabatini. Zipo fomu za kishada kirefu ambazo kishada ni sehemu ya sanaa yenyewe, hizo ni habari nyingine.

13. Naishi pwani, wangu umeanza kutu.

Chumvi ya bahari haina huruma, na jasho la mkono linaongezea. Ukimaliza mazoezi futa kwa kitambaa kikavu, pitisha mafuta ya cherehani kidogo sana, na usiuhifadhi ndani ya ala kwa muda mrefu maana ala inatunza unyevu. Kutu ya juujuu inatoka kwa msasa laini wenye mafuta. Wa mbao nao upake mafuta mara mojamoja, na usiuache kwenye gari juani, utapinda.

## Kushika na kutumia

14. Naushikaje?

Mwanzo wa fomu upanga uko mkono wa kushoto, na hapa ndipo wengi wanaboronga kabla hata ya mkao wa kwanza. Kiganja kinashika kikingio, kidole cha shahada kinanyooka kulala juu ya mpini, dole gumba upande mmoja wa kikingio na vidole vitatu vilivyobaki upande wa pili. Bapa linalala nyuma ya mkono, makali yameangalia mbele na nyuma, ncha juu. Upanga ukigusa sikio au ukijichomeka kwapani, kifundo kimepinda, kinyooshe tu kidogo uone unavyokaa wenyewe.

Baada ya hapo mikono inakutana mbele ya kifua na upanga unahamia kulia. Mkono wa kulia unashika kwa dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Vile viwili vya mwisho vinafuata tu, vinakaza na kulegea kulingana na kazi. Usibane kama unashika jembe. Mtu akija akausukuma upanga wako kidogo kwa kidole, mpini unapaswa kucheza kidogo kiganjani bila kudondoka. Kama haukucheza kabisa umebana, kama umedondoka umelala.

15. Mkono wa kushoto unafanya nini na vile vidole viwili?

Ukishaukabidhi upanga, mkono wa kushoto unatengeneza kitu kinaitwa vidole vya upanga: cha shahada na cha kati vimenyooka pamoja, cha pete na kidogo vimekunjwa, dole gumba limevifunika kwa kukandamiza kucha zake. Unatumika kusawazisha. Upanga ukienda mbele mkono huu unafunguka nyuma au unapanda juu ya kichwa, na upanga ukirudi wenyewe unakuja kukutana na kifundo cha mkono wa kulia.

Wanaoanza wanausahau, unaning'inia kama wa mtu aliyesinzia kwenye daladala. Ukiona umekosa balansi kwenye mkao wa mguu mmoja angalia kwanza mkono wa kushoto uko wapi, mara nyingi tatizo liko hapo na sio kwenye mguu.

16. Kifundo cha mkono kinauma. Kawaida?

Kuchoka ni kawaida, kuuma sio kawaida. Sababu za kuuma ni tatu hivi: umebana mpini (swali la 14), upanga ni mzito mbele (swali la 9), au unaupunga kwa mkono badala ya kiuno. Hii ya tatu ndiyo ya wengi. Jaribu hivi: gandisha mkono wa kulia na upanga wake mbele yako kama umeganda kweli, halafu geuza kiuno tu kushoto na kulia. Umeona upanga umefagia nafasi kubwa bila mkono kufanya kazi yoyote? Basi nguvu inatoka hapo, mkono unaongezea kidogo tu mwishoni.

Ukipumzika siku kadhaa na bado panauma muone daktari, usije ukaambiwa na mtu uwanjani kwamba ni chi, ile nguvu ya ndani ya mwili, inafunguka.

17. Nianze na mbinu zipi kabla ya kukimbilia fomu?

Nne zinatosha kwa wiki za mwanzo: kudona, kuchoma, kupasua na kuvuta.

Kudona ndio mkao wa 1 kabisa kwenye fomu ya 32, miguu imekutana, na ni mdogo hadi watu wanaudharau. Mkono uko mbele karibu usawa wa kifua, kifundo kinapanda kidogo na papohapo ncha inashuka. Kinachoshuka ni ncha, mkono wote haushuki. Nguvu yote inaishia kwenye zile sentimita chache za mwisho. Weka kizibo cha soda juu ya stuli, simama umbali wa upanga, udone kizibo bila kukiangusha na bila kugonga stuli kwa bapa. Mara kumi mfululizo. Ukiweza hivyo umeshaelewa nusu ya kushika mpini bila mtu kukuhubiria.

Kuchoma ni kupeleka ncha mbele, na mkono na upanga viwe mstari mmoja mwishoni. Kosa ni kunyoosha mkono kwanza halafu mguu unafuata, matokeo yake mwili unaegemea mbele. Mguu ufike, kiuno kigeuke, mkono umalizie, vyote vitue pamoja.

Kupasua ni kutoka juu kushuka chini na makali yakiwa yameangalia chini kweli, sio bapa. Wengi upanga unazunguka mkononi njiani wanajikuta wanapiga kofi. Kuvuta ni mikao ya 4 na 5, upanga umelala karibu usawa wa kifua, unarudi upande wako kwa kuteleza kama unakata kitu laini, kulia halafu kushoto. Kiganja kinageuka katikati, na pale kinapogeuka ndipo pa kufanyia mazoezi peke yake. Ukiwa na hizi nne mikono inaelewa, sasa anza kufuata fomu.

18. Napumuaje?

Pumua. Kweli, usibane pumzi, hilo ndilo la kwanza na la pili. Baadaye utaona mwenyewe kwamba ukikusanya au kuinua unavuta hewa na ukichoma au kupasua unatoa. Ukianza kupangia kila mkao pumzi yake kabla hujajua mwendelezo utachanganyikiwa tu.

## Mazoezi ya kila siku

19. Itanichukua muda gani kujua fomu nzima?

Ukiwa na kipindi kimoja kwa wiki na ukajifanyia mwenyewe nyumbani kidogo karibu kila siku, mwendelezo unaweza kuujua ndani ya miezi minne hadi sita. Kuujua, sijasema kuufanya vizuri. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda masaa mawili ya Jumamosi.

Na usiwe na pupa ya kumaliza. Naona watu wanakimbiza mikao 32 ndani ya wiki tatu kwa ajili ya kuposti klipu, halafu wanakaa mwaka mzima wanajisahihisha. Mtu mwenye mikao minane ya kwanza iliyotulia ameshapata karibu kila kitu anachokihitaji, maana ndani ya hiyo minane kuna kudona, kuchoma, kufagia, kuvuta, kupasua na kusimama mguu mmoja mara tatu.

20. Sina mwalimu, naweza kujifunza kwa video?

Mwendelezo unaweza, ubora ni vigumu. Tafuta video inayoonyesha mtu kwa nyuma ili kulia kwake kuwe kulia kwako, zile za mbele zitakugeuza akili. Ukitafuta kwa jina andika 32 taijijian. Vitabu vingi vinaeleza kama vile umeanza ukiwa umeangalia kusini, kwa hiyo ukisoma "geuka mashariki" ujue ni kushoto kwako pa kuanzia, huhitaji dira.

Jirekodi kwa simu kutoka pembeni, sio mbele tu. Pembeni ndipo mgongo ulioegemea unapoonekana. Na ukipata nafasi hata ya kuonana na mwalimu mara moja baada ya miezi kadhaa nenda, saa moja ya kusahihishwa kwa mkono ina thamani kubwa. Kwa walio karibu na miji, Taasisi za Confucius (vituo vya lugha na utamaduni wa Kichina) ni pa kuulizia, Chuo Kikuu cha Nairobi wana yao tangu 2005 na Dar es Salaam na Dodoma zipo pia. Vilabu vya kungfu na wushu navyo uliza, mara nyingi kuna mtu mmoja pale anayejua taichi na hajitangazi.

21. Nifanyie wapi? Watu wataniona kichaa, na polisi je?

Ndani ya nyumba tatizo ni dari. Na kabla ya dari kuna pangaboi, lizime, lisimame kabisa, halafu simama chini yake uinue upanga uone kama unagusa. Ukigusa fanyia kibarazani. Kila upande acha nafasi ya mkono wako pamoja na upanga na nusu hatua ya ziada, watoto na paka wawe nje ya duara hilo.

Nje, asubuhi saa kumi na mbili au jioni saa kumi na moja jua likishalegea. Chini pawe pagumu na sawa. Mchanga mkavu wa ufukweni unapendeza kwenye picha lakini mguu unazama na goti ndilo linalojipinda ukigeuka, kama ni ufukweni tafuta ule ulioloa ulioshikana.

Polisi: njiani upanga uwe ndani ya mfuko uliofungwa, hata wa mbao, na hadharani tumia wa mbao tu. Kubeba kitu kinachofanana na silaha bila maelezo kunaweza kukuletea usumbufu, na askari ana haki ya kukuuliza. Ongea mapema na mlinzi au msimamizi wa bustani, mkifahamiana yeye ndiye atakayewaeleza watu. Kuhusu kuonekana kichaa, wiki mbili za kwanza wanakuangalia, ya tatu wamezoea.

22. Nasahau kila mara baada ya mkao wa 16, nafanyaje?

Mkao wa 16 ndio mwisho wa sehemu ya pili, na wengi hukwama mwisho wa sehemu kwa sababu kila siku wanaanza mwanzo wanachoka wanaachia hapo. Siku mojamoja anza na sehemu ya tatu. Pia mikao ya 19, 20 na 21 ni kitu kimoja kinachojirudia kushoto, kulia, kushoto, kwa hiyo ukishika huo mmoja umeshavuka mitatu.

## Hali za pekee

23. Nina miaka zaidi ya 60 na magoti yana shida. Niache?

Usiache, punguza. Mkao wa 3 unachuchumaa mguu mmoja na kufagia chini, ufanye ukiwa juu, ukijikunja kidogo tu. Fomu ina mikao mitano ya mguu mmoja (2, 6, 8, 13 na 25), yote unaweza kugusisha vidole vya mguu wa pili chini. Mkao wa 14 una kijiruko, geuza kiwe hatua. Goti lisipite vidole na liangalie kule mguu unakoangalia, na ukitaka kugeuka toa uzito kwanza kwenye huo mguu.

Tafiti zinazosema taichi inasaidia wazee wasianguke ovyo zipo na ni nzuri, ila zimefanywa kwa kiasi kikubwa kwenye mikono mitupu. Kwa hiyo kama shida yako ni kuanguka, mikono mitupu kwanza (swali la 4), na kama unatumia dawa za presha au umefanyiwa operesheni mwambie daktari unachotaka kufanya.

24. Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze fomu yote?

Ukijifunza peke yako unaweza. Ukiwa kwenye kundi hapana, mtagongana, na video zote ni za kulia. Walimu wengi watakwambia ufanye kulia kama wengine, na watu wa kushoto mara nyingi wanakuwa na vidole vya upanga vizuri kuliko sisi. Ukishaijua vizuri igeuze kama zoezi, ni tamu, na inakuonyesha ni wapi ulikuwa unakariri bila kuelewa.

25. Mtoto wangu anataka kujiunga.

Wa mbao au plastiki, umbali mkubwa kati ya mtoto na mtoto, na sheria moja isiyo na mjadala: ncha haielekezwi kwa mtu. Polepole itawachosha, kwa hiyo wape mchezo wa kizibo wa swali la 17.

26. Nikitaka kushindana?

Fomu ya 32 inakubalika kwenye mashindano mengi madogo, ila kimataifa utakutana na ya 42 na zinazofuata, na urefu wa upanga utapimwa kama swali la 8. Kwenye Michezo ya Asia taichi ya mikono mitupu na ya upanga zinajumlishwa kwenye medali moja, yaani huwezi kukimbilia upanga ukakwepa mikono.

Angalia pia kwamba panga nyingi za mashindano ni laini, zinatikisika na kulia ukizipunga. Majaji na watazamaji wanapenda, ila zinakudanganya ukijifunzia, zinatoa mlio hata pale ambapo kiuno hakikufanya kitu. Fanyia mazoezi mgumu, ule laini uutoe wiki za karibu na mashindano.

27. Nasafiri kwa ndege, naupeleka vipi?

Kwenye begi linalokwenda chini, kamwe usiwe kwenye begi la mkononi, hata wa mbao, hata ule wa kukunja. Ufunge ncha kwa karatasi ngumu, uulize shirika la ndege mapema, na uangalie sheria za nchi unayokwenda maana kuna nchi zinazozuia kuingiza panga. Kama safari ni ya wiki moja acha nyumbani, okota fimbo huko.